Hongera, karani wa sensa

Wastani wa hali ya maisha katika Manispaa ya Kinondoni, Dar es Salaam, huficha mengi, kwa kuwa Masaki ya kitajiri na Tandale ya kipato cha chini zote zimo humo. Anayetufumbua macho ni karani wa sensa. Agosti 2022 alipita vichochoroni na kishikwambi mkononi, akiuliza kaya baada ya kaya: maji mnapata wapi? Choo ni cha aina gani, na mnachangia na wengine? Mnapikia nini? Majibu hayo, yakijumlishwa kwa kila eneo dogo la kuhesabia watu, humwezesha mchora ramani kuonyesha mtaa upi umekosa nini. Nampongeza hasa kwa kurudi jioni kwenye mlango uliofungwa mchana. Kaya iliyorukwa, mara nyingi ya mpangaji wa chumba kimoja, haimo kwenye ramani yoyote.