Riwaya inaishia pale mgonjwa anapoanza

Riwaya ya Mfaransa Maylis de Kerangal, Réparer les vivants, niliianza nikiwa kwenye benchi la kliniki ya figo, nikimsubiri Baba Mdogo atolewe damu ya vipimo. Si baba mdogo wa damu. Ni rafiki wa baba tangu wakiwa JKT, na nyumbani tumezoea kumwita hivyo. Dada yake tunamwita Shangazi, na huyo Shangazi ndiye aliyempa figo. Ningeisomea mahali pengine labda ningeisifu tu, yakaisha.

Maana sifa inastahili. Riwaya ilitoka 2014, nami nimesoma tafsiri ya Kiingereza. Simon Limbres, kijana wa miaka 19, anaenda alfajiri kuteleza juu ya mawimbi na wenzake wawili. Wakirudi, gari linapata ajali. Ubongo wake unakufa, moyo unaendelea kudunda kwa msaada wa mashine. Ndani ya saa 24 hivi wazazi wanaombwa ruhusa, moyo unatolewa Le Havre, unakimbizwa Paris, unawekwa kifuani mwa mwanamke aitwaye Claire. Basi, hadithi ndiyo hiyo.

Nguvu yake iko kwenye sentensi. Ni ndefu kwelikweli, zinapanda na kushuka kama yale mawimbi ya mwanzo, na unapofika nukta umeishiwa pumzi. Kurasa bora kuliko zote, kwangu mimi, ni zile za muuguzi Thomas Rémige akizungumza na wazazi. Hawasukumi. Anakaa kimya mpaka ukimya unaumiza. Mama anakubali moyo utolewe, anakataa macho yasiguswe. Na kabla moyo haujasimamishwa, Thomas anamwekea maiti yule sauti ya bahari masikioni, kwa sababu aliwaahidi wazazi. Hapo nilifunga kitabu, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Ugomvi wangu uko kwa Claire. Anaingia kwa kuchelewa, analala mezani, moyo unaanza kudunda, kitabu kimekwisha.

Tukiwa njiani kurudi nilimsimulia Baba Mdogo riwaya nzima. Nilipomaliza akaniuliza, “Halafu?”

“Imeishia hapo.”

“Inaishiaje hapo? Hapo si ndo mambo yanaanza?”

Yeye anajua. Figo mpya imewekwa chini ya tumbo, upande wa kulia, na zile mbili za zamani zimeachwa palepale, kwa hiyo ana figo tatu na inayofanya kazi ni moja. Vidonge saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, simu ikilia hata kama yuko msikitini. Dawa hizo zinaupumbaza ulinzi wa mwili ili usiitambue figo kuwa ni mgeni. Zinamtetemesha mikono, kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Mbalungi alioupanda mwenyewe uani sasa anautazama tu, maana balungi linapandisha dawa kwenye damu. Msibani anakaa pembeni na barakoa, na watu wanaona anajitenga.

Upande huu wa maisha umeandikwa vizuri zaidi na mwanafalsafa Jean-Luc Nancy katika L'Intrus, insha fupi ya mwaka 2000. Yeye mwenyewe alipandikizwa moyo, akaishi nao mpaka 2021. Anaeleza jinsi kinga inaposhushwa, virusi vilivyolala mwilini miaka mingi vinaamka, kisha inakuja saratani, hadi hajui tena mgeni ni moyo au ni yeye mwenyewe. Ni insha kavu, haibembelezi. Lakini hata Nancy, kama Claire, hakumjua aliyempa. Sheria ya Ufaransa inaficha majina pande zote mbili. Claire anajua hatapata kamwe mtu wa kumwambia asante.

Nilipomweleza hilo, Baba Mdogo alicheka. “Huyo mama ana nafuu. Hana wa kumhesabia chumvi.”

Nikaelewa anazungumzia Idi. Mbele ya wageni alijipakulia papa mkavu, na Shangazi akaiondoa sahani: “Hiyo figo unayoichezea ni yangu.” Hakuna aliyejibu. Kwa miezi minne Baba Mdogo hakukanyaga kwa dada yake. Dawa alikunywa, vipimo vilikuja vizuri kila mara. Kwa daktari alikuwa anapona. Sisi wa nyumbani tulikuwa tunaona mtu anayezidi kunywea.

Hapa kwetu hadithi hii ni ya watu wawili walio hai. Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017. Kabla ya hapo wengi walipelekwa India. Na figo hutoka kwa ndugu. Hakuna jina la kuficha: aliyekupa anakaa mtaa wa pili, anajua umekula nini. Deni lina sura, lina kanga, linakuja kukujulia hali. De Kerangal ameandika kutoa kama jambo la usiku mmoja. Sisi tunahitaji riwaya ambamo kutoa kunaendelea kila siku, na kupokea vilevile. Moyo umeimbwa vya kutosha. Figo haina hata taarabu moja.

Kilichomrudisha Baba Mdogo si nasaha za wazee. Alisikia Shangazi amekwepa kipimo chake cha mwaka, eti yeye si mgonjwa. Akachukua bajaji, akampeleka kwenye zahanati, presha ikakutwa juu. Wakati wa kurudi alimwambia, “Na wewe unayo moja tu. Wewe nani anakuhesabia chumvi?”

Siku hizi wanahesabiana. Wanagombana kila Ijumaa, na mimi nafurahi kuwasikia.

Kisomeni kitabu, kwa ajili ya Thomas na sauti ile ya bahari. Ila mkifika ukurasa wa mwisho, ulizeni swali la Baba Mdogo.