Ufundi wa Kumuuliza Mtoto

Jean Piaget aliingia katika mambo ya watoto kupitia konokono. Wanyama wa jamii hiyo ndio waliompatia shahada ya udaktari huko Neuchâtel, Uswisi, mwaka 1918. Muda si mrefu akawa Paris, amepewa kazi ya kuwapima wanafunzi kwa maswali ya Mwingereza Cyril Burt. Alitakiwa ahesabu waliopata. Yeye akavutiwa na waliokosa, maana aliona watoto wa umri mmoja wakikosea kwa namna moja, na kila mmoja ana sababu yake. Mtu aliyezoea kumtazama konokono bila kumharakisha alikuwa tayari na nusu ya ufundi.

Nadharia yake ya hatua za ukuaji hufundishwa katika kila chuo cha ualimu, na wanachuo huikariri kwa ajili ya mtihani: umri huu, hatua hii. Mimi ninachokihusudu zaidi ni namna alivyouliza.

Chukua visoda kumi na viwili, uvipange safu mbili zinazotazamana, sita kwa sita. Mtoto wa miaka mitano anakubali kwamba ziko sawa. Sasa itanue safu moja mbele ya macho yake, umuulize tena. Mara nyingi atasema hii ndefu ina vingi. Mwalimu mwenye haraka atamwambia amekosa, ahesabu upya. Muulizaji wa Piaget anauliza, “Umejuaje?” Kisha anatulia. Akipata jibu anaongeza, “Kuna mwenzako aliniambia ziko sawa, kwa sababu hakuna kilichoondolewa. Wewe waonaje?” Tazama ustadi wa swali hilo: hoja ya kupinga imetiwa kinywani mwa mtoto asiyekuwepo, ili huyu aliyepo asijione anabishana na mkubwa. Ni kama mvuvi wa mshipi, anahisi samaki anagusa chambo na bado havuti. Piaget mwenyewe aliandika kwamba kazi hiyo inahitaji angalau mwaka mzima wa mazoezi ya kila siku, kwa kuwa mgeni wa kazi ama husema mno na kumlisha mtoto majibu, ama hunyamaza tu bila kujua anatafuta nini.

Na bado fundi huyo aliacha mwanya. Mwaka 1974 Susan Rose na Marion Blank walionyesha kwamba watoto wakiulizwa mara moja tu, baada ya safu kutanuliwa, hukosea mara chache zaidi. Nani asiyelijua hilo? Kwetu mtu mzima akirudia swali, mtoto hujua anatakiwa abadilishe jibu. Huo ndio utiifu, wala si ujinga wa hesabu. Huko Scotland, James McGarrigle na Margaret Donaldson walimtumia dubu wa kuchezea, mtundu, aliyetoka ghafla na kuvuruga safu. Kwa kuwa sasa ni dubu aliyevuruga, na si mkubwa mwenye lake jambo, watoto wengi zaidi walisema idadi ni ileile. Patricia Greenfield naye, miaka ya 1960 huko Senegal, alipomimina maji kutoka chombo kimoja hadi kingine chembamba, aliwakuta watoto wa Kiwolofu wakisema yamezidi kwa sababu yeye ndiye aliyeyamimina. Alipowaachia wamimine wenyewe, majibu yalibadilika sana.

Kwa hiyo ukimwona mwalimu wa awali ameketi mkekani, amemkabidhi mtoto visoda avitanue kwa mkono wake mwenyewe, ameuliza mara moja na kunyamaza, usidhani amepumzika. Mary Budd Rowe aliwapima walimu wa Marekani, akakuta wengi wao wakisubiri jibu kwa takriban sekunde 1. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka. Katika darasa la watoto sabini huwezi kuketi hivyo na kila mmoja, na mwalimu stadi hajidanganyi. Huchagua wawili watatu kwa siku, wengine wakiwa wanafinyanga udongo au wanaimba na msaidizi, kama yupo. Katika daftari lake haandiki vema wala kosa. Anaandika sababu, kwa maneno ya mtoto mwenyewe. Kesho yake yule aliyesema “vimekuwa virefu” humketisha jirani na aliyesema “hujaongeza kitu”, akawapa kisahani kimoja cha mbegu za ubuyu wagawane sawasawa, naye akasogea kando awasikilize wakibishana.