Frii ya Mombo kwenye Kona za Brands Hatch

Ijumaa jioni, tukiwa tumekaa nyuma ya vani katikati ya madebe ya petroli na chupa ya chai, mpwa wangu alinigeuzia simu yake. Kiooni palikuwa na mstari mmoja unaopanda na kushuka, kama milima ya Usambara ukiitazama kutoka Mombo. Ulikuwa mstari wa kasi yake. Kifaa kidogo cha GPS alichokifunga kwenye mkia wa pikipiki kilikuwa kimeandika mwendo wake mara kumi kila sekunde, mzunguko kwa mzunguko, tangu asubuhi.

“Mjomba, injini imefika mwisho,” akasema. “Bila ekzosi mpya hapa sisogei.”

Muda wake bora siku hiyo ulikuwa sekunde 57.1. Jumapili mchana ulikuwa 55.6, kwa injini ileile, ekzosi ileile, na tairi zilezile alizokuja nazo. Leo nataka kuonyesha hiyo sekunde moja na nusu ilitoka wapi, maana wengi wanaoshindana kwa mshahara wao wenyewe huitafuta dukani.

Kwanza uwanja. Brands Hatch iko Kent, kusini mashariki mwa London. Pikipiki zilikuwa zikishindana kwenye bonde lile juu ya majani kabla lami haijawekwa mwaka 1950, na hadi 1954 zilizunguka kinyume na saa. Mwelekeo uligeuzwa ilipoongezwa kona ya Druids. Klabu nyingi hutumia mzunguko mfupi uitwao Indy, wa kilomita 1.9 tu. Unatoka kwenye mnyoofu wa kuanzia, unafika ukingoni pa Paddock Hill, na hapo ardhi inakutoroka: kona ya kulia inayoteremka, ambayo unaiingia kabla hujaona mwisho wake. Chini bonde linakukandamiza, kisha unapanda hadi Druids, kona ya kulia inayokugeuza ukarudi ulikotoka. Unashuka tena hadi Graham Hill, ya kushoto. Mnyoofu mfupi, halafu Surtees, ya kushoto pia, iliyopewa jina la John Surtees, mtu pekee aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa pikipiki na wa Formula 1. Baada yake kulia, kulia tena, na umerudi ulipoanzia. Hakuna mahali pa kupumzika. Kijana ambaye siku za kazi anapanga makasha kwenye bohari hugundua mapema kwamba mikono huchoka kabla ya petroli kwisha.

Pikipiki yake ni Suzuki SV650, silinda mbili, nguvu farasi zipatazo 70. Klabu za Uingereza zina daraja zima kwa ajili ya pikipiki hizi kwa kuwa hazimfilisi mtu. Taa zimeng'olewa, vioo vimeng'olewa, boliti ya kumwagia oili imefungwa kwa waya isilegee, na chini ya injini kuna beseni la kudaka oili ikivuja. Kwenye rejeta yamewekwa maji matupu, kwa sababu kulanti ya kawaida ikimwagika huifanya lami iteleze na haisafishiki upesi. Yeye mwenyewe, kwa kuwa bado mwanagenzi, huvaa kizibao cha rangi ya chungwa juu ya suti ya ngozi. Cha ajabu ni kwamba alipoacha bodaboda na kuondoka Tanga alidhani ameachana na reflekta.

Sasa turudi kwenye ule mstari. Kasi ya mtu anayejua kazi yake, ikichorwa, hutoa kilele chenye ncha kama paa la makuti: inapanda, inafika juu, papo hapo inaanguka. Maana yake mkono wa kulia ulikuwa umevuta resi hadi mwisho, ukaifunga, na vidole vikashika breki bila kungoja. Vilele vya mpwa wangu havikuwa na ncha. Vilikuwa vya mviringo kama gamba la kasa. Kabla ya Paddock Hill kasi ilipanda hadi karibu kilomita 180 kwa saa, ikaanza kupungua taratibu kwa muda wa sekunde 0.8, ndipo ikaporomoka. Katika muda huo hakuwa na resi wala breki. Pikipiki ilikuwa inaelea. Kwa kasi ile unakata mita 50 kila sekunde, kwa hiyo karibu mita 40 za uwanja alikuwa abiria.

Nilipoliona hilo nilicheka, naye akaudhika. Nikamwuliza: “Ukitoka Lushoto kushuka Mombo ulikuwa unafanyaje?”

Alinyamaza kidogo. “Nilikuwa nashuka na frii.”

Aliyewahi kupanda bodaboda katika barabara ile anajua. Mlima ukianza tu dereva anazima injini, anaweka frii, na pikipiki inateremka kona baada ya kona kwa uzito wake, kimya, upepo ukivuma masikioni na breki zikinuka. Petroli inayookolewa ni faida ya siku. Ni tabia ya hatari na siitetei, ila ninaielewa. Mpwa wangu aliifanya miaka minne. Ikamwingia kwenye kifundo cha mkono: akiona mteremko mbele, mkono wake unafunga resi wenyewe na kusubiri. Na hakuna uwanja unaouchokoza ugonjwa huo kama ule ambao kona yake ya kwanza ni mteremko.

Dawa yake ina mtego. Ukimwambia mwanagenzi “chelewa kushika breki,” utamwokota kwenye changarawe. Tulianza na jambo dogo zaidi. Jumamosi asubuhi, kwenye mazoezi ya kutafuta nafasi ya kuanzia, alama ya kushika breki ilibaki palepale pa Ijumaa. Asiisogeze hata hatua. Kilichobadilika ni kwamba resi ibaki wazi mpaka kwenye alama yenyewe. Funga, shika. Nilimwambia ayatamke hayo ndani ya helmeti kama neno moja, kwa sababu siku iliyopita alikuwa akiweka mkato katikati. Matokeo ya kwanza yalimkera: alifika kwenye kona akiwa amepunguza mno, akalazimika kuvuta resi kidogo ili aifikie. Hiyo ndiyo habari tuliyoitaka. Kama unafika ukiwa na nafasi ya ziada, sasa unaijua kwa kipimo, na unaweza kuila kidogo kidogo, urefu wa pikipiki moja kila mizunguko miwili.

Vidole navyo vina adabu yake. Breki ya mbele ikibanwa ghafla, shokapu za mbele huzama kabla tairi halijakandamizwa vizuri kwenye lami, na tairi lisilo na uzito halishiki kitu. Unaanza kwa kugusa, uzito unahamia mbele, tairi linatanuka pale linapokanyaga, ndipo unabana kwa nguvu. Kati ya kugusa na kubana ni kufumba na kufumbua, lakini bila hatua hiyo utakwenda chini.

Kumbe frii ilikuwa na ndugu yake. Tuliuona ule mstari tena Jumamosi usiku: katikati ya Druids, baada ya kuachia breki na kabla ya kuvuta resi, palikuwa na bapa jingine refu. Alikuwa anamaliza kazi yote ya breki akiwa bado wima, anaachia, analaza pikipiki, kisha anangoja kona iishe. Akiachia breki, shokapu zinapanda, pua ya pikipiki inanyanyuka, nayo inakuwa nzito kugeuka kama mkokoteni wenye mzigo nyuma. Analazimika kungoja kwa sababu ameiondolea pikipiki kile kilichokuwa kinaisaidia kugeuka. Ukibaki na breki kidogo sana, uzito wa kidole kimoja, huku ukizidi kuilaza na kuilegeza breki kwa kiasi kilekile, shokapu zinabaki chini, pua inabaki kali, na pikipiki inakata kona kwa ufupi. Breki inakwisha unapofika ndani kabisa ya kona, na hapohapo resi inaanza. Jumapili asubuhi ilimchukua mizunguko mingi kuamini kwamba unaweza kushika breki pikipiki ikiwa imelala. Simlaumu. Tuliojifunza kwenye mchanga na changarawe tulifundishwa kinyume chake, na kwenye mchanga mafundisho yale ni sahihi.

Paddock Hill yenyewe ilitaka jambo la tofauti. Juu ya ukingo ardhi inaposhuka pikipiki inakuwa nyepesi, na hapo usiidai sana. Chini bondeni inakandamizwa, na tairi zinashika kuliko mahali popote uwanjani. Kazi ya breki iishe mapema, kisha resi ndogo ivutwe kabla ya kufika chini, ili bonde likukute tayari unasukuma. Ijumaa lilimkuta anaelea, akawa anaanza kupanda mlima wa Druids bila kasi. Kwa injini ya farasi 70, kasi uliyoipoteza chini ya mlima huirudishi.

Upepo wa tairi niuseme kwa kifupi, kwa kuwa ndicho kitu pekee tulichokigusa kwenye pikipiki. Tulipima tairi zikiwa za moto, zimetoka kwenye blanketi zake za umeme: psi 30 mbele, 28 nyuma, chini sana ya upepo wa barabarani. Tatizo kubwa ni upande wa kushoto. Katika mzunguko wa Indy kona za kushoto ni mbili tu, kwa hiyo upande wa kulia wa tairi unafanya kazi karibu muda wote huku wa kushoto ukipoa, hasa asubuhi ya Aprili. Blanketi zinapasha tairi zima, ila kuanzia mzunguko wa pili joto la kushoto unalitengeneza mwenyewe, au hulipati. Kwenye mbio za Jumamosi, mzunguko wa tatu, alivuta resi pale Graham Hill na mkia ukatoka. Kilichomwokoa ni kutofunga resi. Ukiifunga ghafla tairi linarudisha mshiko kwa kishindo, na pikipiki inakurusha juu kama punda aliyechokozwa. Aliishikilia ilivyo, mkia ukarudi taratibu, wawili wakampita. Alimaliza wa 19 kati ya 24 na mikono ikimtetemeka.

Mbio zake za mwisho Jumapili ndizo zilizonifundisha mimi. Taa nyekundu zilipozimika aliondoka vibaya, klachi imeachiwa upesi mno, gurudumu la mbele likanyanyuka naye akakata mafuta. Akajikuta amefungwa nyuma ya kundi la watu watano. Na nyuma ya watu, tabia ya zamani ilirudi mara moja. Saa niliyoshika pale ukutani ilisoma 57, kisha 57 tena. Pikipiki za mbio hazina taa za breki. Unajua aliye mbele ameshika breki pale tu anapoinua kifua. Mpwa wangu alikuwa anasubiri vifua viinuke, na kusubiri ni frii.

Mzunguko wa nne akaamua kuangalia alama yake badala ya migongo ya watu. Funga, shika. Akagundua jambo ambalo mstari wa kwenye simu usingeweza kumwambia: wale waliokuwa mbele yake nao walikuwa wanaelea. Kwenye mlima wa Druids kila mmoja alifunga resi mapema akangoja, na katika kungoja huko ulikuwepo mlango. Alimpita wa kwanza kwa ndani, akiwa bado na breki kidoleni. Mzunguko uliofuata akampita wa pili palepale. Wa tatu mpwa wangu alimpita kwenye mnyoofu wa mwisho, kwa kuwa alitoka kona ya mwisho na resi mapema zaidi, na hilo ni somo la siku nyingine. Akamaliza wa 14. Mzunguko wa 55.6 ulikuwa wa saba, alipokuwa peke yake, hana wa kumfukuza wala wa kumkimbia.

Tulipofungasha jua lilikuwa limeshuka nyuma ya miti. Vani tulikuwa tumeiegesha chini, mahali palipobaki nafasi, na kutoka kwenye hema letu kulikuwa na kateremko. Mpwa wangu, bado na suti ya ngozi na kizibao chake cha chungwa, alipanda pikipiki, akaweka frii, akaisukuma kwa miguu miwili. Ikateremka kimya katikati ya watu waliokuwa wakifunga makasha, mpaka mlangoni pa vani, akasimama.

“Petroli ghali, mjomba,” akasema.