Pongezi kwa Wachunguzi wa Konokono

Singida ni mkoa mkame, na maziwa ya pale mjini, Singidani na Kindai, ni ya magadi. Ndiyo maana bwawa la maji baridi halikosi watu: anayechota, anayefua, mchungaji na ng'ombe wake, watoto wanaoogelea. Kichocho hupenda mahali kama hapo, na wachunguzi wa konokono hukifuata huko huko.

Huingia majini na mabuti ya mpira na glavu, wakipitisha chujio lenye mpini mrefu kwenye majani ya ukingoni. Konokono wa aina ya Bulinus hubeba kichocho cha mkojo, wa Biomphalaria cha tumbo. Kila konokono hutiwa peke yake kwenye kichupa cha maji safi, kisha huwekwa mwangani. Aliyeambukizwa hutoa lava wa kichocho. Kwenye hadubini mkia wa lava huonekana umegawanyika ncha mbili. Konokono wengi hawatoi kitu, hata bwawa likiwa na ugonjwa. Wengine wameambukizwa ila lava hawajakomaa, basi mchunguzi huwapima upya baada ya wiki kadhaa. Uvumilivu huo nauheshimu mno. Dawa ya prazikwanteli humtibu mtoto lakini haimkingi akirudi majini, na mchunguzi ndiye anayeweza kuonyesha ukingo wenye hatari.