Paji la Uso na Slufay

Waingereza wana neno "haibrau" kwa mtu anayependa vitabu vizito, muziki mgumu na mijadala mirefu. Maana yake ni mwenye paji la uso lililo juu. Chimbuko lake ni dhana iliyoenea Ulaya karne ya 19, ikianzia kwa daktari Mjerumani Franz Joseph Gall, kwamba umbo la fuvu huonyesha akili. Sayansi imeitupa dhana hiyo, ila ilikwisha kutumiwa kudai kwamba Mwafrika ana akili pungufu. Silipendi neno hili hata kwa utani.

Sisi hatukuliazima, lakini kipimo tunacho. Neno letu ni "msomi". Lenyewe halina ubaya. Kule Buganda Wakristo wa mwanzo waliitwa wasomaji, kwa kuwa kuingia katika imani na kujifunza kusoma vilikwenda pamoja. Sikiliza basi linavyotumika usharikani: "Mahubiri ya leo yalikuwa ya wasomi." Mara nyingine ni lawama ya haki. Mchungaji anayemwaga Kigiriki mimbarani ili tujue kwamba alipita chuoni, na aambiwe. Lakini mara nyingi msemaji anajiondoa mwenyewe: mambo mazito si yangu, mimi niliishia darasa la saba.

Hapa Balangdalalu hoja hiyo haisimami. Wazee wa Kiiraqw wana slufay, maneno ya baraka na maombi ambayo mmoja huyanena na wengine huitikia. Ni lugha ya mafumbo, picha juu ya picha. Kijana mwenye shahada hupotea njiani, wakati mzee asiyewahi kushika kalamu anafuata hadi mwisho na kujua ni wapi mnenaji ameteleza. Kama huo si usomi, sijui tuuite nini.

Jumapili mzee huyohuyo anakaa benchi la nyuma, nasi tunampa mahubiri mepesi tukidhani tunamhurumia. Luther hakufanya hivyo. Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 ni fupi, tena ya watu wa nyumbani, lakini kila fungu linamuuliza mkulima maana yake ni nini, na linamtaka ajibu.

Nani basi atamwambia mzee wetu kwamba Ayubu ni kitabu cha wasomi? Mle mna mifugo, mvua, majipu, na wazee wanaobishana kwa mafumbo. Ningependa asomewe sura nzima bila kufupishwa, kisha yeye ndiye aanze kusema.