Hesabu ya Kamanda: Uongozi wa Kijeshi na Maisha ya Mstari wa Mbele katika Kumbukumbu za Lettow-Vorbeck

Uhakiki huu unachunguza taswira ya uongozi katika kumbukumbu za Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck kuhusu vita vya Afrika Mashariki vya 1914–1918, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1920. Kitabu hicho kilimjengea mwandishi sifa ya kamanda asiyeshindwa. Hata hivyo, uzito wake umo katika mambo madogo ya mstari wa mbele: magome ya mkwinini yaliyochemshwa kuwa dawa, uhaba wa viatu, na hesabu ya chakula na risasi.

Hesabu hiyo ndiyo nguvu ya masimulizi, na ndiyo kasoro yake. Novemba 1917, kabla ya kuvuka Mto Ruvuma, kamanda alipunguza jeshi hadi askari Waafrika wapatao 1,700, kwa kuwa risasi na kwinini zilikuwa zikimwishia. Wagonjwa na majeruhi waliachwa wachukuliwe na adui. Uamuzi huo unasimuliwa kama jawabu la hesabu. Uchungu wa walioachwa unatajwa kwa kupita, bila wao kupewa sauti. Wapagazi nao, ambao bila wao jeshi lisingeweza kusogea, huonekana zaidi kama uwezo wa kubeba mizigo kuliko kama wahusika.

Kwa hiyo, matini hii ni ushahidi mzuri wa namna kamanda alivyofikiri. Mtafiti anayeitumia peke yake kueleza namna watu walivyoishi vitani huipokea hesabu ya kamanda bila kuikagua.