Kushiriki si Kushirikishwa

Miongoni mwa istilahi zilizoenea mno katika nyaraka za serikali na magazetini tangu nchi ilipofuata siasa ya soko huria ni "ushirikishwaji wa wananchi". Yafaa ichunguzwe, kwani umbo lake labeba maana ambayo huenda mwandishi hakuikusudia.

Kushiriki ni tendo la mtu mwenyewe. Kushirikishwa ni kutendeshwa: yuko mwingine aamuaye nani aitwe, lini, na kwa jambo gani. Katiba ya 1977, ibara ya 21(2), inapotaja haki ya raia katika maamuzi yanayomhusu, hutumia "kushiriki". Nyaraka zetu zimeipunguza haki hiyo kwa viambishi viwili tu.

Tofauti hii si ya wanasarufi peke yao. Mlandizi ndiko uliko mtambo wa Ruvu Juu, upelekao maji Dar es Salaam tangu 1959. Mwaka 2003 huduma ya maji ya Dar es Salaam, Kibaha na Bagamoyo ilikabidhiwa kampuni ya City Water kwa mkataba wa miaka 10. Katika lugha ya ubinafsishaji mwananchi akawa "mteja". Mteja aweza kulalamikia ankara yake. Juu ya mkataba hana kauli. Naye anunuaye maji kwa ndoo kwa jirani, hata mteja si.

Serikali ilivunja mkataba Mei 2005, na mbia mkuu, Biwater Gauff, akaishtaki mbele ya kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia. Mwaka 2007 asasi tano, tatu kati yake za Tanzania, ziliruhusiwa kuleta hoja kwa maandishi, bali zilinyimwa kuhudhuria shauri na kuziona nyaraka zake. Uamuzi wa 2008 ulikiri kuwa hoja hizo zilifaa. Basi zilisikilizwa, lakini kwa kipimo cha msikilizaji. Huko ndiko kushirikishwa.

Wako watakaosema kuwa istilahi hii humkumbusha ofisa wajibu wake. Ikiwa ndivyo, na iandikwe "ushirikishaji", ili mtendaji aonekane na aulizwe. Panapotajwa haki ya raia, mfasiri aandike "ushiriki". "Ushirikishwaji" ubakie pale tu ambapo wananchi waliitwa baada ya mambo kwisha kuamuliwa. Hapo neno litakuwa limesema kweli.